Mti ni Sehemu ya Mchezo: Gofu ya Visahani kwa Watoto wa Dilala

Kifuniko cha ndoo ya rangi kinatosha kuanzia. Nasema ile ndoo nyeupe ya plastiki ya lita 20 ambayo, rangi ikiisha, mama huiosha na kuwekea maji au unga. Kifuniko chake kikipasuka kidogo hutupwa uani, nanyi mnakikanyaga kila mkipita. Kiokoteni, watoto wangu. Kikiwa mkononi, tayari mna nusu ya mchezo ninaotaka kuwaeleza leo, gofu ya visahani. Nusu ya pili ni miti, na miti hapa Dilala, komini yetu ya Kolwezi, bado tunayo.

Gofu yenyewe mnaijua angalau kwa jina. Lubumbashi kuna mtaa mzima unaoitwa Golf. Mchezaji hupiga kimpira kwa fimbo kutoka mahali pa kuanzia mpaka kiingie kwenye kishimo cha mbali, na kila pigo linahesabiwa. Anayefikisha kimpira kwa mapigo machache kuliko wenzake ndiye mshindi. Hakuna kugombania mpira wala kusukumana. Kila mtu anashindana na njia iliyo mbele yake. Shida ya gofu ni gharama: majani ya kumwagiliwa na kukatwa kila wiki, fimbo za bei, na mlango wenye mlinzi. Huku kwetu ilikuja na wakubwa wa makampuni. Kolwezi ilianzishwa na kampuni ya madini ya Union Minière mwaka 1937, na enzi hizo Wazungu walikuwa na mitaa yao na vilabu vyao, wafanyakazi Waafrika wakikaa kwenye makambi. Mtoto wa kambini aliiona gofu akiwa nje ya ua, kama aliiona.

Sasa sikilizeni walichofanya watoto wengine, mbali sana na hapa. Mwaka 1926, katika kijiji cha Bladworth, jimbo la Saskatchewan nchini Kanada, mvulana aitwaye Ronald Gibson na wenzake wa shule ya msingi walikuwa wakirusha vifuniko vya mikebe. Bladworth ni nchi ya mashamba ya ngano, tambarare mpaka macho yanachoka. Wale wavulana walichora miduara mchangani, kila mmoja wenye upana wa mita moja na kidogo, wakaipanga kwenye kiwanja cha shule, wakaanza kuhesabu: kutoka mduara huu mpaka ule, umerusha mara ngapi? Walichukua kile chenye thamani kwenye gofu, yaani kuhesabu na kulenga, wakaacha fimbo na majani ya kumwagiliwa. Mchezo wao wakauita gofu ya vifuniko vya mikebe. Waliucheza kwa muda, kisha wakakua, kila mmoja akashika njia yake, na mchezo ukapotea.

Napenda kuwaanzia hapo kwa sababu wengi husimulia habari hii kuanzia kwa mafundi na viwanda vya Marekani, kana kwamba watoto walisubiri kiwanda kijengwe ndipo wacheze.

Marekani nako kitu chenyewe kilitoka jikoni. Mwaka 1937 kijana mmoja wa California, Fred Morrison, alikuwa na mchumba wake Lucile kwenye karamu ya familia, wakaanza kurushiana kifuniko cha kopo la bisi. Kifuniko kilipinda upesi, wakahamia sufuria bapa ya kuokea keki, ambayo iliruka vizuri zaidi. Mwaka uliofuata walikuwa ufukweni wakirushiana sufuria hiyo, mtu akawasogelea akaomba kuinunua kwa senti 25. Dukani ilikuwa ikiuzwa senti 5. Morrison akaona biashara. Vita vya pili vya dunia vikamchukua, akawa rubani wa ndege za kivita, na huko akajifunza namna hewa inavyobeba bawa. Aliporudi alianza kuchora visahani vya plastiki. Mwaka 1955 alitoa kimoja alichokiita Pluto Platter, na Januari 1957 kampuni ya Wham-O ikaanza kukitengeneza. Kampuni hiyo ndiyo iliyokipa jina la Frisbee, kwa sababu wanafunzi wa upande wa mashariki wa Marekani walikuwa na desturi ya kurushiana mabati ya kuokea ya kampuni ya pai ya Frisbie, ya Bridgeport, Connecticut. Kifuniko cha kopo, sufuria ya keki, bati la pai. Ndoo yenu ya rangi iko kwenye ukoo huohuo.

Mwaka 1965 kijana mwingine wa California, George Sappenfield, aliajiriwa kuangalia watoto kwenye kiwanja cha michezo wakati wa likizo. Siku moja akicheza gofu akawaza: watoto wangu wa kiwanjani wangeweza kucheza hivi kwa visahani. Akawatafutia pete kubwa za plastiki, zile za kuzungusha kiunoni, ziwe shabaha. Kwa hiyo tena, kama Bladworth, mchezo ulikuwa mikononi mwa watoto na walezi wao.

Aliyeupa mchezo makao ni Ed Headrick. Huyu alikuwa mtu wa Wham-O, ndiye aliyechonga ile mistari myembamba ya duara mgongoni mwa kisahani ili kitulie hewani. Mwaka 1975, katika bustani ya umma ya Oak Grove, karibu na mji wa Los Angeles, uliwekwa uwanja wa kwanza wa kudumu wa gofu ya visahani. Zingatieni neno umma. Bustani ile ilikuwa ya serikali ya wilaya. Mtu yeyote aliingia na kisahani chake chini ya mialoni mikubwa, akacheza bila kulipa, bila kuwa mwanachama wa chochote.

Mwanzoni shabaha zilikuwa nguzo zilizosimikwa ardhini. Kisahani kikigusa nguzo, umemaliza. Mnaweza kukisia kilichofuata. Mmoja anasema kimegusa, mwingine anasema kimepita pembeni, na jioni inaisha kwa ubishi. Headrick na mwanawe Ken wakakaa kutafuta shabaha isiyobishiwa. Wakatundika minyororo kuzunguka nguzo, chini yake wakaweka kikapu cha chuma. Kisahani kikipiga minyororo, minyororo inayumba na kula kasi yake yote. Hakina nguvu tena ya kuruka nyuma, kinaanguka wima ndani ya kikapu, na mlio wa chuma unasikika mpaka mahali pa kuanzia. Kipo kikapuni au hakipo. Kifaa hicho kilipewa hataza mwaka 1977, na mpaka leo vikapu vya dunia nzima vinafuata wazo hilohilo. Mwaka 1976 Headrick alianzisha chama cha wachezaji wa kulipwa, PDGA, ambacho ndicho kinachotunza sheria. Alifariki mwaka 2002, na kwa ombi lake majivu ya mwili wake yalichanganywa kwenye plastiki ya visahani. Kwetu tunazika, na jambo hilo litawashangaza baadhi yenu. Nimelitaja mjue jinsi alivyoupenda mchezo huu.

Haya, sasa kifuniko. Tusimame.

Kama unatumia mkono wa kulia, geuka ubavu, bega la kulia lielekee unakolenga. Upande ulioinuka wa kifuniko uwe juu, ukingo uliojikunja uwe chini. Kidole gumba kikae juu, vidole vinne viingie chini na kukumbatia ukingo kwa ndani. Vuta kifuniko kuvuka kifua mpaka upande wa kushoto, kisha kirudishe mbele kwa mstari ulionyooka: kiwiko kinatangulia, mkono wa chini unafuata, kifundo cha mkono ni cha mwisho, nacho hufunguka ghafla. Kiache kiende kikiwa bapa. Wengi mkianza mtakiinua mbele, kwa kuwa mnataka kiende juu. Kitapanda kweli, kitasimama hewani, kisha kitaanguka karibu na miguu yenu. Hewa iliyotakiwa kukibeba itakuwa imekipiga tumboni na kukizuia.

Mambo mawili yanakishika angani. La kwanza ni hewa yenyewe: kikisonga mbele, mgongo wake uliobinuka na tumbo lake lenye uwazi huielekeza hewa chini, na hewa hukisukuma juu, sawa na inavyolibeba bawa la ndege. La pili ni kuzunguka. Kisahani kisichozunguka hupinduka mara moja. Kinachozunguka hukataa kupinduka kama pia inavyokataa kuanguka ikiwa bado ina kasi. Ndiyo maana uzito wa kisahani kizuri uko kwenye ukingo, kwa sababu ukingo mzito hutunza mzunguko. Na ndiyo maana ule mshtuko wa kifundo cha mkono una kazi kubwa kuliko nguvu ya bega. Nimeona vijana wenye mikono ya kubebea magunia wakipitwa na msichana mwembamba, kwa sababu yeye alijua kukizungusha.

Tazameni mwisho wa safari yake. Kisahani kilichorushwa kwa mkono wa kulia kwa namna niliyowaeleza, ukikitazama kutoka juu, huzunguka kwa mwelekeo wa mishale ya saa. Kasi ikipungua hulalia kushoto na kutua upande huo. Wa mkono wa kushoto hutua kulia. Kwa hiyo hamlengi kikapu chenyewe. Mnalenga kidogo upande wa pili na kuuacha mkunjo wa mwisho ukilete kisahani nyumbani. Upepo wa usoni hukiinua na kukipeleka kulia kwanza. Upepo wa mgongoni hukigandamiza chini. Na sisi tunaishi juu, Kolwezi ina zaidi ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Matadi au Mombasa. Hapa kisahani hubebwa kidogo na hukunja kushoto mapema. Mtoto wa Mombasa akija kucheza Dilala itambidi ajifunze upya kulenga.

Wachezaji wakubwa hubeba mfuko wenye visahani vya aina nyingi. Vya kulengea kikapu kwa karibu vina ukingo mnene na butu, huenda taratibu na kwa kunyooka. Vya kurushia mbali vina ukingo mwembamba unaopasua hewa. Hivi vya pili vilianza mwaka 1983, Dave Dunipace alipotengeneza kisahani chenye ukingo uliochongwa, na tangu hapo masafa yalibadilika kabisa. Mwaka 2016 kijana wa Marekani, David Wiggins mdogo, alirusha mita 338 jangwani Nevada, upepo ukimsaidia. Ukipanga viwanja 3 vya mpira kwa urefu, kisahani chake kinavipita vyote. Kisahani cha mchezo wa kawaida kina upana wa sentimita 21 hivi na uzito usiozidi gramu 180. Kifuniko chenu ni kikubwa zaidi na chepesi, kitawaendea mita 20 au 30, na kwa kujifunzia ni sawa kabisa. Ila kiwe cha plastiki. Kifuniko cha bati kina makali, msikiguse.

Sheria ni chache. Uwanja una vituo 9 au 18, na kila kituo kina mahali pa kuanzia na shabaha yake. Unarusha, unakwenda mpaka kisahani kilipotua, unaweka alama hapo, unarusha tena kutoka nyuma ya alama. Mlio wengi, aliye mbali zaidi na shabaha ndiye anayerusha kwanza, wengine wanasubiri nyuma yake. Ukiwa ndani ya mita 10 za kikapu, ukirusha usimame imara, usianguke mbele kwa kisingizio cha kasi. Kisahani kikivuka mpaka uliowekwa, barabara au ukuta, unaongezewa hesabu moja. Kikinasa mtini, alama inawekwa chini yake moja kwa moja, unaendelea kutoka hapo. Kikipotea mnakitafuta wote kwa dakika 3, hata wewe unayetaka mwenzako ashindwe. Sheria hiyo naipenda kuliko zote. Hakuna refa anayekimbia na filimbi. Kila mmoja anataja hesabu yake kwa sauti, wenzake wakisikia.

Sasa tuchore uwanja hapa kwetu, kwa maneno kwanza.

Kila mtaa wa Dilala una mahali ambapo miti ilipandwa zamani na haijajengwa: kando ya shule, nyuma ya kanisa, ukanda wa mikaratusi, miembe mikubwa ambayo hakuna anayekumbuka ilipandwa na nani. Kituo cha kwanza tukiweke chini ya miembe. Miembe ina matawi ya chini na majani mazito, kisahani cha juu hakipiti. Itabidi mrushe chini, kimo cha kifua, kati ya shina na shina, mita 40 hivi. Wenye nguvu watakasirika hapo, maana nguvu haina njia. Msimu wa maembe tutakihamisha kituo hiki, kwa sababu chini ya mwembe wenye matunda kuna watu siku nzima, na wana haki yao.

Kituo cha pili tukiweke kwenye kichuguu. Watoto wa sehemu nyingine watashangaa mkiwaambia, lakini ninyi mnajua vichuguu vya Katanga vinaweza kufika mita 8 kwenda juu, vimeota miti mgongoni, na watu hukata udongo wake kufyatulia matofali. Shabaha iwe nyuma yake. Hamkioni kikapu, mnaona mlima wa udongo tu. Aliye jasiri atarusha juu ya kichuguu na kuomba kitue vizuri upande wa pili. Mwenye akili atakizungusha: atakirusha kulia, wazi kabisa, na kukiacha kikunje kushoto nyuma ya kichuguu chenyewe kama nilivyowaeleza. Siku mtakayofanya hivyo kwa makusudi, kikatokomea na mkasikia wenzenu wa upande wa pili wakipiga kelele, mtaelewa kwa nini watu wazima husafiri nchi mpaka nchi kwa ajili ya mchezo huu.

Cha tatu kiwe mahali pa wazi, kwa ajili ya upepo. Mwezi wa sita mpaka wa nane, wakati wa kiangazi, upepo wa kusini-mashariki huvuma na vumbi jekundu huonyesha njia yake. Kabla ya kurusha, chukua vumbi kidogo, liachie kutoka kimo cha bega, utazame linakoelekea. Vituo vingine mtavitafuta wenyewe. Mtatembea, mtasimama mahali, mtasema: ukisimama hapa na kikapu kikae pale kati ya ile misuku miwili, itakuwaje? Kuuchora uwanja ni mchezo kabla ya mchezo.

Kwa shabaha, anzeni kama Bladworth, duara la majivu chini. Likiwachosha, simikeni kijiti chenye kitambaa. Mkianza kubishana kama akina Headrick, nendeni kwa fundi wa kuchomelea, yule anayetengeneza mageti na mikokoteni. Mwelezeni: nguzo ya bomba, pete ya chuma juu, minyororo ikining'inia kutoka kwenye pete, kikapu cha nondo nyembamba chini, kimo cha kiuno. Minyororo ya baiskeli na pikipiki iliyokwisha huwa imelundikana pembeni mwa gereji. Fundi anayeweza kugeuza pipa kuwa jiko la mbabula hashindwi na kikapu.

Hapa lazima niseme kwa ukali kidogo. Mji wetu umekaa juu ya shaba na kobalti, na si kila ardhi tupu ni salama. Msichore kituo karibu na mashimo ya wachimbaji, hata yaliyofunikwa kwa bati au kuachwa zamani, kwa maana chini kunaweza kuwa na mapango yanayokwenda mbali kuliko mnavyoona juu. Msicheze kwenye marundo ya mabaki ya madini wala kando ya barabara ya makamyo. Kisahani kikiangukia kwenye maji yanayotoka viwandani, kiacheni, hesabuni ongezeko lenu, tafuteni kifuniko kingine. Kabla ya kuchora popote, pelekeni mtu mzima anayeijua historia ya kipande kile cha ardhi. Waliofanya kazi kwenye kampuni ya madini ya Gécamines bado wapo mitaani mwenu, wamekaa vibarazani, na wanakumbuka palichimbwa wapi. Waulizeni, babu zenu hawa hufurahi kuulizwa.

Na wapita njia. Bustani ni ya umma, kwa hiyo mama aliyebeba beseni kichwani, mwanafunzi anayekatiza kwenda shule, wazee waliokaa kivulini, wote wana haki zaidi ya kuwa pale kuliko kisahani chenu. Mtu akikaribia, mikono chini mpaka apite. Ikitokea kimekwenda vibaya, piga kelele kwa nguvu mara moja, usisubiri uone kama kitamkosa. Mchezaji mzuri katika viwanja vya umma duniani kote hutambulika kwa jambo hili kabla hajarusha.

Nije kwenye jambo lililonifanya niwaandikie. Mkitaka uwanja wa mpira wa miguu, kitu cha kwanza ni kukata miti na kusawazisha ardhi, na mpira naupenda, sina ugomvi nao. Gofu ya visahani inataka kinyume. Ukikata mwembe wa kituo cha kwanza, kituo kimekufa. Ukifyatua kichuguu chote matofali, kituo cha pili kinakuwa njia nyoofu isiyo na ladha. Kolwezi ilipofanywa makao makuu ya jimbo la Lualaba mwaka 2015, watu walizidi kuja, viwanja vya nyumba vikazidi kupimwa. Miombo iliyouzunguka mji imekuwa makaa ya kupikia. Mahali penye miti michache huonekana mbele ya wengi kuwa mahali palipo wazi, panapongoja mwenyewe. Lakini mahali ambapo watoto 20 wanaonekana kila Jumamosi wakihesabu kutoka mti hadi mti, kila mti una jina na namba, si rahisi mtu kusimama akasema hapatumiki. Nimeyatafakari sana haya, na naamini mti wenye kazi mbele ya macho ya watu huishi muda mrefu kuliko mti ulioachwa kupendeza peke yake.

Kwingineko jambo hili limeshika. Finland, nchi ya misitu huko kaskazini ya Ulaya, ina mamia ya viwanja vya namna hii, vingi ni vya manispaa na ni bure, vimepita katikati ya misonobari bila kuikata ovyo. Mashindano ya dunia ya wachezaji wa kulipwa ya mwaka 2025 yalifanyika huko, katika miji ya Tampere na Nokia, mara ya kwanza kufika Ulaya. Finland ni moja ya nchi zilizopokea wakimbizi kutoka mashariki ya Kongo, kwa hiyo kuna watoto wanaozungumza Kiswahili nyumbani na wanaoviona vikapu vya minyororo wakienda shule. Hali ni hiyohiyo kwa Wakongo wa Iowa, Marekani. Nairobi, Kampala na Dar es Salaam kuna timu zinazocheza mchezo mwingine wa kisahani, wa kupasiana mpaka kuvuka mstari, wavulana na wasichana pamoja. Kwa hiyo kisahani si mgeni tena katika nchi zinazozungumza lugha yetu.

Mkishacheza kwa vifuniko kwa muda, na majirani wakishawazoea, andikeni barua kwa mkuu wa komini ya Dilala. Mwalimu wenu awasaidie na aweke sahihi pamoja nanyi. Kwenye barua mchore ramani ya mahali: mti mmoja mmoja, kichuguu, njia za wapita njia, nyumba zilizo karibu, na mishale inayoonyesha kila kituo kinarushwa kuelekea wapi, ili aone hakuna mshale unaoelekea dirisha la mtu. Hesabuni miti yote na mwandike idadi, kwa aina: miembe mingapi, misuku mingapi, mikaratusi mingapi. Andikeni nani atafagia na siku gani. Msiombe ukuta wala lango. Ombeni kibali cha kutumia mahali hapo na ahadi kwamba hakuna mti utakaokatwa bila ninyi kuulizwa. Mkiulizwa gharama, semeni vikapu vitatengenezwa kimoja baada ya kingine, cha kwanza kitakuwa cha kituo cha kichuguu, na vituo vingine vyote vitaendelea na miduara ya majivu mpaka fundi atakapopata minyororo.